Gauni la Magurudumu

Shangazi Tabitha alifariki Jumatano, na kufikia Alhamisi asubuhi vijana walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu picha. Siku hizi msiba hauendi bila bango. Zamani mtu alikufa, watu wakaibeba sura yake vichwani mwao, basi. Leo lazima uso wako uchapwe mkubwa kama mlango na ufungwe kwenye nguzo za turubai, ili hata dereva wa lori anayepita hapa kwetu Mpemba kwenda mpaka wa Zambia ajue nani kalala ndani. Sikatai. Mimi ni mwalimu mstaafu, magoti yameniasi, na nikifa nitawekewa bango langu hata nikikataa, nani atanisikiliza? Basi Neema, mjukuu wa marehemu, akapekua sanduku la bati la bibi yake, akaibuka na picha moja ya zamani yenye rangi zilizofifia, akaniletea uani nilipokuwa nachambua mchele na wanawake wenzangu. "Shangazi Debora," akasema, "bibi amependeza hapa kuliko picha zote. Ila hii mimba ilikuwa ya nani? Baba ndiye kitindamimba, na hapa bibi anaonekana mtu mzima kabisa." Nikapangusa mikono kwenye kanga, nikaishika ile picha. Loo! Shangazi amesimama mbele ya kanisa, mkavu vilevile kama alivyokuwa maisha yake yote, shingo ndefu, mabega ya mifupa, na mbele yake tumbo la miezi saba, limejaa, limetangulia. Hakukuwa na mimba pale. Na gauni lile lilikuwa langu.

Nilikuwa na miaka ishirini, nakaa kwa Shangazi katika nyumba hiihii, nasubiri kwenda chuo cha ualimu. Jina langu lilikuwa limetoka, chuo kingefunguliwa mwezi wa tisa, na kila asubuhi nilipoamka jambo la kwanza nililolikumbuka ni hilo: naondoka. Shangazi alikuwa mjane. Alipika kande na ugali akawauzia madereva waliokwama kwenye foleni ya mpaka, na mimi ndiye niliyekuwa nagawa sahani. Jioni nilikwenda kwaya. Nilikuwa mwanzilishi, yaani nasimama katikati ya mstari wa mbele na kutoa sauti ya kwanza, wengine wakafuata. Nisijisifu sana, lakini sauti nilikuwa nayo. Kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno mwaka ule tuliamua kushona sare mpya, na kina mama wakavuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya Zambia, wakarudi na jora la kitenge ambalo mtaa mzima ulikuja kulitazama. Kilikuwa na magurudumu. Gurudumu moja lilikuwa kubwa kama sinia, duara ndani ya duara, zile za katikati zimeachana, za pembeni zimebanana, nyeupe na bluu, nyeupe na bluu. Ukikitandaza mezani, kitambaa chenyewe kilionekana kuvimba. Mama mmoja alikipapasa kwa kiganja akacheka, akasema, "Jamani, hiki si kitambaa, kuna maboga chini yake." Tulicheka wote. Hakuna aliyekumbuka kicheko kile baadaye, hata mimi nilikisahau.

Fundi Lameki alikata magauni ishirini na kitu kutoka jora lile, na fundi anayebana kitambaa hafuati ua, anafuata nafasi. Kwa mwenzangu wa kulia gurudumu lilidondokea begani, kwa wa kushoto likakatika nusu kwenye nyonga. Kwangu lilitua zima, katikati ya tumbo, kama mtu aliyepima kwa makusudi. Nililijaribu gauni mbele ya kioo kidogo cha Shangazi, kile cha kuonea uso tu, nikaridhika na kola, nikaondoka. Siku ya Mavuno kanisa lilijaa mpaka nje. Mahindi mbele, kahawa ya watu wa Mbozi kwenye magunia, kuku wamefungwa miguu wanalia. Nikatoa sauti ya kwanza, nikaona macho ya kina mama wa mbele yananishuka. Yalianza usoni, yakashuka, yakabaki hukohuko chini. Nikadhani labda nimesahau kifungo. Tulipotoka nje, Mama Mlezi, ndiye aliyekuwa mlezi wa kwaya yetu, mwanamke mpana mwenye sauti ya upole iliyotisha kuliko ukali, alinishika kiwiko akaniuliza taratibu, "Debora, mwanangu, tangu lini?" Nikamjibu, "Tangu lini nini, mama?" Akatikisa kichwa kwa huzuni. Ile huzuni ndiyo iliyonimaliza. Angenitukana ningejua namna ya kujibu.

Kwaya yetu ilikuwa na utaratibu wake. Binti akipata mimba nje ya ndoa anatolewa kwenye mstari kabla tumbo halijasimama madhabahuni, na kina mama wanakwenda nyumbani kwake kuhakikisha. Walikuja Jumatatu mchana, Mama Mlezi na wenzake wawili, wakati nimetoka kushiba kande. Walinilaza kitandani na gauni lilelile, maana Shangazi aliamuru nilivae waone walichokiona, wakanibonyeza. Nilikuwa nimekakamaa kwa aibu kama ubao. "Gumu," akasema wa kwanza. "Gumu kabisa," akasema wa pili. "Miezi mitano hiyo," akamalizia Mama Mlezi. Mimi nalia, nasema sijamjua mwanamume, naapa kwa Mungu. Wakanihurumia. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na nimeona mara nyingi mkono ukitii jicho: ukimwambia mtoto jiwe hili ni zito, atalinyanyua akikunja uso. Lakini siku ile sikuwa mwalimu, nilikuwa nimelazwa chali na wanawake watatu juu yangu, na gurudumu la bluu likipanda na kushuka kila nilipovuta pumzi.

Shangazi aliwasindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaketi kwenye kigoda. Sisi sote wawili tuliitwa kina Namwinga, jina la mabinti wa ukoo wetu, na alipotaka kunipenda au kuniua aliniita hivyo. "Namwinga," akasema, "umenivua nguo barabarani." Nikamwambia twende zahanati nikapimwe. Akasema zahanati ni baraza la Mpemba nzima, nikiingia pale asubuhi, mchana habari iko Vwawa. Nikamwambia basi niache niende chuoni, kule wanapima kila mwanafunzi, wataona wenyewe. "Wakupime mbele za watu wakurudishe na sanduku lako kichwani? Niko radhi ukae." Nikamwambia siku zangu zimekuja vilevile, nikamwonyesha. Akatazama, akageuza uso. "Hata mimi mimba ya kwanza niliona siku zangu miezi mitatu." Mwambie nini mtu kama huyo? Baba yangu alikuwa mbali, kwenye mashamba Mbangala, akapelekewa salamu kwamba naumwa homa na nitachelewa. Kanga zangu zikahamishiwa chumba cha kando ya jiko, chumba cha magunia, na nikaambiwa nisionekane mbele ya nyumba mpaka Mungu atakapofungua.

Chumba kile bado kipo, sasa kimewekwa viti vya plastiki vya kukodisha, na juzi nilipoingia kutafuta sufuria kubwa nilitoka bila hiyo sufuria. Kilikuwa na magunia ya mahindi mpaka darini, kitanda cha kamba, harufu ya pumba na panya, na dirisha moja la nondo lililotazama barabara. Barabarani hapakuwa na cha kutazama ila lori. Foleni ya mpakani ilirudi nyuma hadi kwetu, na lori likisimama mbele ya dirisha lilisimama kutwa, pengine na kesho yake, ubavu wake wa turubai ukanizibia hata mbingu. Madereva walikaa chini ya ubavu ule wakibishana nusu Kiswahili nusu Kibemba, wakimsalimu Shangazi kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai, mama, chakula!" nami niko kwa ndani, hatua moja kutoka migongoni mwao, nimekatazwa kukohoa. Na upande wa jikoni niliwasikia kina mama wakija kuchukua moto au chumvi. "Anaendeleaje?" "Yupo." "Kidogo kidogo atajifungua." Siku niliyotapika kwa sababu ya chikanda iliyolala, kile chakula cha Wazambia cha viazi-pori na karanga, waliambiana mimba inamsumbua. Nilipokonda kwa huzuni wakasema mtoto anamla. Nilipolala sana, ni mimba. Nilipokosa usingizi, ni mimba. Hakuna nilichofanya ndani ya chumba kile ambacho hakikutoka nje kimevaa mimba.

Na hapa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Nilianza kuamini. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani kwenye msumari, gurudumu limenitazama mchana kutwa, na kila nilipojitazama chini nililiona limehamia kwangu, hata nikiwa nimevaa kanga isiyo na ua. Usingizini nilihisi kitu kinacheza. Nikaanza kumtafuta huyo mwanamume akilini, nikapita kila kijana aliyewahi kunipa mkono, nikamkumbuka hata tingo mmoja wa Zambia aliyenipa soda kupitia dirisha la lori, nikajiuliza, jamani, inawezekana? Mtoto wa kike mwenye miaka ishirini aliyefaulu biolojia! Nacheka sasa, lakini kicheko hakifiki mbali. Mwezi wa tisa ukaingia. Nikasikia Shangazi akimjibu mtu nje kwamba Debora hataenda chuo, afya yake si nzuri. Nafasi yangu ilikwenda hivyo, kwa sentensi moja iliyosemwa huku ugali ukisongwa. Nililia uso nikiwa nimeuzika kwenye gunia la mahindi ili dereva aliyekuwa nje asisikie.

Dirisha lile lilikuwa na kasoro iliyokuwa maarufu nyumbani. Lilikuwa limelala upande. Mtu yeyote aliyeingia chumbani aliliona, na Shangazi kila akija kuchukua mahindi alimsema mume wake marehemu, aliyelijenga kwa mikono yake. "Baba Yohana naye! Nyumba nzima kaijenga vizuri, dirisha kaliweka kama mlevi." Alisema kwa mzaha, lakini mzaha uliorudiwa mpaka ukawa lawama. Mvua za kwanza zilipoanza, siku moja mpaka ulifunguka vizuri, foleni ikasogea yote, barabara ikabaki tupu. Niliamka nikaona mbingu, na dirisha limenyooka. Nikasugua macho. Limenyooka kabisa, sawa na ukuta. Mchana foleni ikarudi, lori la kwanza likapaki mbele yangu, na dirisha likalala tena. Ndipo nikaona nilichokuwa nakitazama miezi yote ile bila kukiona: malori yalipaki na magurudumu ya upande mmoja ndani ya mtaro wa barabara, yakaegama yote upande mmoja, mistari ya turubai zao imeinama pamoja, na dirisha katikati ya vitu vilivyoinama lilionekana lenyewe ndilo limepinda. Nikajaza maji kwenye bakuli, nikalitua juu ya kizingiti. Maji yalikaa sawa na ukingo pande zote. Macho yangu yananiambia yatamwagika, na hayamwagiki.

Shangazi alipoingia nikamwonyesha. Aliinama, akapeleka jicho usawa wa maji, akainuka, akalitazama lori, akainama tena. "Haa," akasema. Akatoka nje, nikamwona kupitia nondo amesimama kando ya tairi, amelaza kichwa kulinganisha na lori, dereva anamshangaa. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kumbe Baba Yohana nilimwonea." Akaketi kwenye gunia na kulia, mimi nikiwa sijawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya mume wake wanasema hakulia. Ningenyamaza ningekuwa mtu mwema. Sikunyamaza. Nilichomoa gauni kwenye msumari nikamtupia mapajani. "Na mimi je? Mimi umenionea au hujanionea? Livae wewe!" Akanizaba kofi. Akalichukua gauni, akaondoka nalo, na mlango ukafungwa kwa nje.

Kesho yake, saa za mchana madereva wakiwa wamelala, nilisikia sanduku la bati linafunguliwa chumbani kwake. Mlango wa kati ya chumba changu na chake ulikuwa na ufa. Shangazi alikuwa ameegemeza ukutani kioo kikubwa alichoazima kwa jirani mwenye saluni, na amevaa gauni langu, limemning'inia mabegani maana alikuwa mwembamba kuliko mimi. Na tumbo alikuwa nalo. Mwanamke ambaye hakuwa na nyama hata ya kubana kwa vidole, ambaye siku zake zilishakoma, amesimama pale na mimba ya kuonekana toka barabarani. Alijigeuza ubavu, likapungua. Akajigeuza mbele, likarudi. Akaweka kiganja juu ya gurudumu akasukuma, kiganja kikafika kwenye mifupa. Alirudia hivyo mara nyingi sana. Jioni aliniletea ugali na samaki, kipande cha kichwa ambacho siku zote alikula mwenyewe, akakitua mbele yangu, akatoka. Safari hii hakufunga mlango.

Jumapili alilivaa kwenda kanisani. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba nina hakika nilikuwepo. Alichelewa makusudi ili apite katikati watu wameshakaa, akapita polepole, kitenge cha kwaya juu ya mjane wa miaka hamsini na kitu, na minong'ono ikapita kwenye mabenchi, "Mama Yohana naye? Na nani?" Ibada ilipokwisha Mama Mlezi alimfuata nje na ule upole wake. "Mama Yohana, ndugu yangu, na wewe?" Shangazi akamwuliza, "Na mimi nini?" Mwenzake akateremsha macho tu. Basi Shangazi akaukamata mkono wake mbele ya watu, akaukandamiza kwenye lile gurudumu, akaushikilia hapo. "Gusa. Liko wapi?" Mkono ulikuwa umelala juu ya mifupa. "Sema, watu wasikie, liko wapi?" Halafu, akiwa bado amekasirika, alimwita mpiga picha aliyekuwa akizungukazunguka nje ya kanisa akamwambia, "Nipige hivihivi. Usinigeuze ubavu."

Mchana ule Mama Mlezi aliingia chumbani kwangu, akapiga magoti kando ya kitanda cha kamba, akaniomba anishike tumbo. Nilikuwa nimevaa sketi yangu ya shule. Alilishika, tumbo lilelile alilolishika siku ya kande, na machozi yakamtoka. "Mbona hukusema, mwanangu?" Nikamwambia, "Nilisema, mama." Nilirudi kwenye kwaya baada ya Krismasi, lakini sikuanzisha tena, nilisimama mstari wa nyuma kwa hiari yangu. Chuo nilikwenda mwaka uliofuata, cha mbali zaidi, na Shangazi alinibebea sanduku mwenyewe mpaka kwenye basi. Samahani hakuwahi kuitamka. Mwaka ule haukurudi, na kuna siku mpaka leo namkasirikia, hata juzi nikiwa naosha maiti yake na wanawake wenzangu nilimkasirikia, nikaona mbavu zile na tumbo lile bapa, nikalia mpaka wakanitoa nje.

"Shangazi, usijali," Neema aliniambia nilipokwisha kumsimulia, maana mtoto huyu ana moyo mzuri. "Hilo tumbo nalipunguza kwa simu, dakika tu. Watu wasije wakamsema bibi." Akaanza kusugua kioo cha simu kwa kidole. Nikamshika mkono. Nikamwambia aliache hivyohivyo, achape gauni lote, gurudumu lote, na asiguse kitu. Alinitazama kama niliyechanganyikiwa, lakini mimi ndiye mkubwa wa msiba.

Ijumaa mchana bango lilikuwa limefungwa kwenye nguzo, na malori yamepaki nyuma yake kama kawaida. Mama Mlezi alikuja akitembelea fimbo, mzee sana, akasimama mbele ya picha kabla hajasalimia mtu. Nikainuka kumpokea. "Shikamoo, mama." "Marahaba, Debora." Hakuniangalia. "Ndilo lile?" "Ndilo." Akaegemea fimbo yake. "Najua ni kitambaa," akasema. "Nililigusa kwa mkono huu. Lakini nisikudanganye, mwanangu, hapa niliposimama naliona tumbo." Nilikuwa na jibu nililomwekea tangu ujana wangu, la kumkata maini. Nikalitafuta. Nikalitazama bango, na tumbo lilikuwa pale, limejaa, limetangulia.

"Hata mimi naliona, mama," nikamwambia. Nikamshika kiwiko, nikampitisha upande wa pili wa turubai, nikamkalisha kwenye mkeka mahali ambapo bango halionekani, nami nikaketi kando yake.